Hema la starehe, deni la nani?

Mimi niko hapa hapa Chang'ombe. Nasisitiza, Chang'ombe ya Dodoma, siyo ile ya Temeke, maana bado kuna watu wananiuliza kama nasikia makelele ya Simba na Yanga kutoka Uwanja wa Mkapa. Jamani, huku kwetu tunasikia mbuzi na bodaboda tu.

Mwezi huu nina kisa cha mke na mume ambao ni majirani zangu. Hawajagombana kwa sababu ya nyumba ndogo wala meseji za usiku. Wamegombana kwa sababu ya hema. Ndiyo, hema la kulala!

Wenzetu hawa wana shamba la ekari tatu nje ya mji, kandokando ya barabara ya Iringa. Mvua za kwetu unazijua, mtama unaweza kukauka wote shambani ukabaki na mabua. Miaka michache iliyopita mama mwenyewe, ambaye ni shosti yangu wa siku nyingi, akapata wazo. Aliona wazungu wanapita na magari yenye mahema juu ya paa, na yale malori makubwa yaliyobeba vijana wa Kizungu ishirini kwa mpigo. Akazungushia miti ya minyaa, akachimba vyoo viwili safi, akaweka bomba la maji na bafu, akasafisha uwanja chini ya mibuyu. Mgeni anaingia na gari lake, anapiga kambi, analipa kwa kichwa, asubuhi anaondoka. Hakuna shuka la kufua wala kitanda cha kutandika. Hela si nyingi, lakini ni ya kwake na imesomesha watoto.

Sasa mume naye kaingia mtandaoni, kaona glampingi. Kwa wasiolijua neno hili, Waingereza wameliunga kutoka neno lao la mvuto wa kianasa na lile la kupiga kambi, na mwaka 2016 likaingizwa kwenye kamusi kubwa ya Oxford. Maana yake ni kulala hemani lakini kwa raha zako: kitanda cha futi sita, shuka nyeupe, zulia, taa, bafu na choo nyuma ya hema. Mgeni haji na kitu zaidi ya begi na mpenzi wake. Huko Uingereza, kwenye viwanja ambavyo watu walizoea kufika na karavani zao, yaani zile nyumba zinazovutwa na gari, wenye viwanja wengi wamesimamisha mahema ya namna hiyo pembeni. Sababu ni rahisi. Nafasi ya kuegesha karavani inaingiza kidogo, hema lenye kitanda linaingiza mara kadhaa, na linamleta hata mtu asiye na karavani.

Shemeji akapiga hesabu, macho yakamtoka. Mahema manne! Na ili yapatikane, akataka nyumba yao ya hapa Chang'ombe iwekwe rehani benki. Mke akasema hasaini. Shemeji akanuna, akahamia kulala sebuleni. Hapo ndipo shosti akanijia saa mbili usiku na kanga mbili begani.

"Dada, huyu mwanaume ananiona mimi nina roho ya umaskini. Hebu niambie, nina kosa gani?"

Sikumjibu palepale. Nilimwambia arudi kesho na daftari lake la wageni.

Kwanza nimtendee haki shemeji, maana wazo lake si la kijinga. Mahema ya kifahari si ugeni Tanzania, Serengeti na Ruaha yako miaka mingi, ila bei zake ni za watu wa dola. Kilicho kipya ni kuleta starehe hiyo kwenye viwanja vya kawaida vya barabarani. Na barabara yenyewe sasa ipo. Lami kutoka Iringa kupita Dodoma hadi Babati ilifunguliwa rasmi mwaka 2018 na hayati Rais Magufuli, na ni sehemu ya ile njia ndefu ya kutoka Cape Town kwenda Cairo. Zamani wasafiri wengi waliikwepa Dodoma kwa vumbi na makorongo. Sasa mtu anatoka Iringa, analala Dodoma, kesho yake anaangalia michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, halafu anaendelea Arusha. Kuna mfano jirani pia: shamba la Kisolanza, kwenye barabara ya Iringa kwenda Mbeya, kwa miaka mingi limekuwa likipokea wenye magari yao wanaopiga kambi na vilevile wanaotaka kulala kwenye kitanda, kila mtu na upande wake.

Na tusisahau wateja wa nyumbani. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu wa Dar anaweza kutoka kazini Ijumaa na usiku uleule akawa huku na mwenza wake. Wapeleke wapi? Hoteli za mjini, hasa Aprili mpaka Juni Bunge la bajeti likikaa, zimejaa waheshimiwa na maofisa. Mtoko wa kulala chini ya mbuyu, nyama choma, glasi ya mvinyo wa zabibu za hapahapa, nyota kibao juu... mwenzangu, ndoa ngapi zilizolala usingizi zingeamka?

Isitoshe, biashara ya kambi za wasafiri katika Ugogo ilikuwepo kabla ya reli. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ipite nchi hii kavu, na watemi wa Wagogo walitoza hongo, ambayo ilikuwa kodi ya kupita, na maji ya visima yakawa na bei. Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone alilipa vitambaa hongo baada ya hongo, na alilalamika sana kwenye kitabu chake. Babu zetu hawakuwa na zulia wala shuka nyeupe, ila walijua thamani ya mahali pa kupumzika.

Mambo ya starehe hemani nayo yana historia yake. Novemba 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza, Edward, alikuwa Tanganyika kwenye safari ya kuwinda, akiongozwa na Denys Finch Hatton. Katibu wake, Alan Lascelles, aliandika baadaye kwamba treni yao ilisimama stesheni ya Dodoma usiku wa joto, ikaletwa simu ya haraka: baba yako mfalme anaumwa sana, rudi. Kwa mujibu wa katibu huyo, mwana wa mfalme alidhani ni janja ya wanasiasa, na jioni iliyobaki akaitumia kwa mke wa bwana mkubwa wa serikali wa hapa! Ndiye huyohuyo aliyekuja kuacha kiti cha ufalme mwaka 1936 kwa ajili ya mwanamke. Dodoma yetu imeona mengi, tuache tu.

Haya, tukarudi kwenye daftari. Shosti ana mwandiko mbaya lakini anaandika kila kitu. Julai na Agosti kurasa zimejaa. Novemba zinapungua. Machi, wakati wa kifuku, yameingia magari matatu tu mwezi mzima!

Nikachukua hesabu za fundi wao. Hema moja, pamoja na sakafu, kitanda, godoro, bafu na sola, lilikuwa linakaribia milioni 12. Manne ni milioni 48. Kwa riba waliyoambiwa, wangelipa benki kama milioni 1.7 kila mwezi kwa miaka mitatu. Tuseme hema linalala kwa 100,000. Ukitoa chai ya asubuhi, dobi, mlinzi, msichana wa usafi na mafuta ya jenereta, wabaki na 50,000 ukiwa na bahati. Maana yake kila mwezi wauze usiku 34 ili tu benki isibishe hodi, hapo shemeji hajanunua hata soda. Julai inawezekana kabisa. Machi je, kwa magari matatu? Mkopo hauna kiangazi wala kifuku, unadai tarehe ileile.

Kilichonitisha zaidi ni mchoro wa shemeji. Mahema yake manne aliyapanga palepale chini ya mibuyu, kwenye kivuli kizuri, pale malori yanapoegesha. Wateja wa malori awasukume kule kwenye jua karibu na barabara! Mimi hapo nilikataa kwa sauti. Wale ndio wanaolipa ada ya shule leo. Mgeni anayefika kila mwaka akikuta nafasi yake imechukuliwa na kitanda cha mtu mwingine hatakununia, atapita tu moja kwa moja mpaka kwa jirani yako. Na vijana wa lori wana redio na nyimbo za saa sita usiku, na aliyelipia shuka nyeupe anataka kusikia kriketi. Watenganishwe, na kila upande uwe na vyoo vyake.

Halafu kuna Dodoma yenyewe. Hema zuri la kwenye picha limepigwa sehemu zenye majani mabichi. Hapa jua linakula turubai, kwa hiyo lazima liwe na paa la pili juu yake, la makuti au la turubai la kuchakaa badala yake. Upepo wetu kwa kawaida unatokea mashariki na unakuja na vumbi, kwa hiyo mlango uangalie magharibi, na ukitaka wageni waione machweo umepata mawili kwa pamoja. Sakafu ya mbao usiiguse chini, mchwa wa huku hawana adabu. Weka nguzo za chuma au matofali. Na usiku wa Juni na Julai ni baridi kweli, blanketi jepesi litakuletea malalamiko.

Ila mimi binafsi, kama ningeulizwa, ningeanza na tembe. Nyumba ya Kigogo, kuta nene za udongo, paa bapa, mchana imepoa na usiku ina joto. Tia kitanda kizuri, neti, taa ya sola na bafu nyuma, umepata kitu ambacho mtu wa Cape Town hajakiona kwenye viwanja vingine kumi alivyopita. Fundi wa tembe yupo kijijini. Turubai likichanika utalishonesha kwa nani?

Sasa suala la saini, maana ndilo lililompeleka mtu sebuleni. Wanawake wenzangu, na wanaume pia, sikilizeni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 114, inataka ridhaa hiyo ionekane kwenye karatasi za rehani. Kwa hiyo shosti hakuwa na roho ya umaskini. Alikuwa anatumia haki aliyopewa. Lakini nilimwambia pia, "Mdogo wangu, kusema hapana halafu ukanyamaza, umemwacha mwenzio na picha za mtandaoni. Mpe hesabu." Mwanaume anayeota anahitaji namba, siyo msonyo.

Tukakaa watatu, Jumapili baada ya ibada, na chai ya tangawizi. Shemeji mwanzoni alikuwa ananiangalia kama wifi mchonganishi. Alipoona ukurasa wa Machi akakaa kimya muda mrefu.

"Kwa hiyo shem, ndoto yangu ndiyo imekufa?"

"Haijafa shemeji. Inaanza na kitanda kimoja."

Walichokubaliana ni hivi. Nyumba haiguswi. Shosti ana milioni 7 kwenye kikoba, shemeji atauza ng'ombe sita, wajenge tembe moja upande wa mbali wa shamba, karibu na mbuyu mdogo, malori yabaki yalipo. Wakiuza usiku wa kutosha kwa mwaka mzima, kifuku kikiwemo, ndipo wazungumze la pili. Leseni nayo waifuatilie mapema, kwa kuwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 kulaza watalii ni biashara ya leseni, na wizara yenyewe iko hapahapa mjini, hawana kisingizio cha nauli.

Niliwapa sharti moja la nyongeza. Kabla ya kupima bei na kutangaza, wakalale wao wenyewe kwenye hema la mtu mwingine, usiku mmoja, kama wageni wanaolipa. Ukilala ndipo unajua taa iko mbali na kitanda, maji ya moto yanaisha saa ngapi, na kwamba ukuta wa turubai hauna siri. Wapenzi wanaolipia faragha wakisikia jirani anageuka kitandani, hawarudi. Mita ishirini kati ya kitanda na kitanda, hapo usibane.

Walikwenda wikiendi iliyopita, wakaacha watoto kwangu. Jumapili asubuhi nikapata ujumbe wa shosti: "Dada, godoro safi, chai imechelewa, maji ya moto hakuna. Ila huyu baba anakoroma, mpaka mlinzi getini kamsikia. Tembe litajengwa la kuta nene."

Na sebuleni halali tena.