Elfu Moja ya Mtoto Iko Wapi?

Makamanda, leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za tume na katiba, tuongee kuhusu watoto.

Mdogo wangu wa mwisho aliugua akiwa na miezi minane, anaharisha na kutapika. Mama akambeba hadi zahanati. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure. Kweli, daktari alimwona bure. Dawa? Hakuna, nendeni dukani. Hela hatukuwa nayo, tukarudi nyumbani na kikaratasi. Dogo alipona, tunamshukuru Mungu, ila kuharisha kulimwandama hadi miaka miwili. Leo yuko darasa la sita, ukimsimamisha na wa darasa la nne huwezi kujua mkubwa nani. Siwezi kuapa kwamba ni ile siku moja. Lakini mtoto anayeugua kila mara bila tiba wala lishe anadumaa, na akishavuka miaka miwili ni kazi kweli kurudisha kilichopotea, mwilini na kichwani.

Na hayuko peke yake. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa, mkoa unaolisha wengine, ni zaidi ya nusu! Kwa hiyo msituambie eti tatizo ni uvivu wa kulima.

Huko Guatemala, kuanzia 1969, watoto wa baadhi ya vijiji walipewa uji wa lishe. Walipofuatiliwa ukubwani, wanaume walioupata tangu kuzaliwa hadi miaka miwili walikuwa wanalipwa kwa saa asilimia 46 zaidi ya wenzao. Walioupata baada ya miaka mitatu hawakuona faida hiyo.

Sasa jamani, tunapigia kelele ajira za vijana, na ni haki yetu. Ila ajira ya 2045 inaharibiwa leo kliniki.

Halmashauri ziliagizwa kutenga Sh 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa ajili ya lishe. Elfu moja tu, haifiki hata bei ya lita ya petroli! Mkutano wa kijiji au mtaa ukiitishwa, usikae kimya. Simama, muulize diwani maswali mawili: elfu moja ya watoto wetu imetoka? Na ORS na zinki zipo zahanati?

Akijibu "mchakato unaendelea", mwambie mtoto hasubiri mchakato. Anakua leo.