Uvimbe Mgumu Usiouma Usisubiriwe

Tarehe 5 Februari kila mwaka Kanisa humkumbuka Mtakatifu Agata, bikira na shahidi, ambaye mapokeo yanasema alikatwa matiti kwa ajili ya imani yake. Ndiyo maana wagonjwa wa matiti humkimbilia awaombee. Ni vema kufanya hivyo. Lakini sala hiyo iandamane na safari ya kwenda hospitali, na safari hiyo ndiyo tunayoichelewesha.

Huku kwetu Mbagala, Tandale na Bunju, mama akigundua uvimbe kwenye titi huambiwa mambo mawili. La kwanza: "Hauumi, basi si ugonjwa." La pili: "Ukiguswa na kisu, kansa itasambaa." Kwa maoni yangu, maneno haya yametuzikia mama wengi. Hapa Tanzania saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wagonjwa wengi hufika hospitali ikiwa imekwisha kuingia hatua ya tatu au ya nne.

Tuangalie basi ugumu ule unatoka wapi. Chembe hai za mwili, yaani seli, zimelala katika kitanda cha nyuzi, nyingi zikiwa za protini iitwayo kolajeni. Katika titi lenye afya kitanda hiki ni laini. Saratani inapokua, nyuzi huongezeka, hufungamana na kukazana kama ukili uliosukwa. Hapo ndipo kidole hukuta kitu kigumu.

Ugumu huo hauumi, lakini haukai bure. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani waliweka seli juu ya utando uliokuwa laini upande mmoja na mgumu upande wa pili. Seli zilizotoka kwenye ulaini zilivuka mpaka kwenda kwenye ugumu. Zilizotoka kwenye ugumu zilifika mpakani zikageuka. Ni kama mtu anayetembea katika mchanga wa ufukwe wa Kigamboni: mguu unazama, lakini akipata njia ngumu anapiga hatua. Mwaka 2005 watafiti wengine walionyesha kuwa seli za titi zikikaa kwenye kitanda kigumu hupoteza mpangilio wake na kuanza kuenenda kama za saratani. Tena imeonekana kwa darubini kwamba seli za saratani hufuata nyuzi zilizokazwa kama barabara, zikitoka nje ya uvimbe. Kutoka hapo huingia katika mishipa na kufika kwenye tezi za kwapani.

Hivyo basi, seli hizi hutembea zenyewe, bila kusubiri kisu cha daktari. Kila mwezi tunaoutumia kukanda titi kwa maji ya moto au kupaka dawa za majani, ni mwezi tunaozipa nafasi ya kusafiri.

Nisieleweke vibaya. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, na si kila saratani ni ngumu. Kidole hakiwezi kuamua. Kipimo cha kuchukua kinyama kidogo kwa sindano ndicho kinachoamua. Kwa hiyo uvimbe wowote mpya, ngozi inayobonyea, chuchu inayoingia ndani au kutoa damu, na tezi iliyovimba kwapani, vipelekwe Mwananyamala, Temeke au kituo cha afya kilicho karibu. Huko ndiko mgonjwa huelekezwa Muhimbili au Ocean Road inapobidi. Akina baba nanyi msijione mko salama: hata mwanaume hupata ugonjwa huu, ingawa ni mara chache.

Napendekeza mambo mawili. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo itenge siku moja kwa mwaka, imwalike muuguzi afundishe mama na mabinti kujichunguza. Pili, WAWATA wa kila parokia wachague mama wawili wa kumsindikiza mwenzao anayeogopa, na mfuko wa jumuiya usaidie nauli na kipimo. Hutuchukui muda kuchangia rambirambi. Tusishindwe kuchangia nauli ya mtu aliye hai.

Mtakatifu Agata, utuombee.