Majina Yanayokera na Majina Yanayoumiza

Malalamiko kuhusu majina ya watoto Afrika Mashariki huangukia mafungu manne. Kuna majina ya dhiki, kuna majina ya Kiingereza yenye dua au matamanio ndani yake, kuna majina ya kuazima kwa watu mashuhuri, na kuna majina ya kawaida yaliyoandikwa kwa herufi za kujibunia. Kila fungu lina watu linaowaudhi, lakini maudhi hayo hayana uzito sawa. Mengi ni ya masikio ya wasikilizaji tu, nayo huisha jina likizoeleka. Machache humfuata mwenye jina shuleni, kazini na kwenye kaunta za ofisi, na hayo ndiyo mzazi anayopaswa kuyapima kabla ya kujaza fomu.

Fungu la dhiki ndilo kongwe. Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko, Matatizo, Majuto na Sikujua ni majina yanayopatikana Tanzania kuanzia pwani hadi kanda ya ziwa. Anayeyachukia huona mtoto ametwishwa mzigo wa wazazi wake, na hoja hiyo ina ukweli. Mwalimu anapoita mahudhurio, akifika kwa Tabu na sauti ya nyuma ikajibu, "Tabu hayupo leo, mwalimu," darasa zima hushangilia. Kwenye foleni ya hospitali, muuguzi akichungulia mlangoni na kuita, "Shida!", hakosekani mzee wa kujibu kwamba hapo kila mtu anayo. Utani huo ni mwepesi kwa anayeusikia mara moja. Anayeitwa hivyo huusikia maisha yake yote, na kila anayeutoa hudhani ni wa kwanza.

Hata hivyo, majina haya hayakutungwa kwa uzembe. Yametokana na utaratibu ule ule uliozaa Jumanne, Chausiku na Ramadhani: jina lilihifadhi hali ya siku mtoto alipozaliwa, katika familia ambazo hazikuwa na cheti wala kalenda ukutani. Wajaluo humwita Okoth aliyezaliwa mvua ikinyesha, Otieno aliyezaliwa usiku, na Onyango aliyezaliwa asubuhi jua likipanda. Wasukuma humwita pacha wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, na mtoto anayewafuata mapacha Shija. Njaa, msiba na mimba iliyosumbua viliingia katika kumbukumbu hiyo hiyo. Pengine jina baya lilikuwa kinga. Kwa Wajaluo, mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufariki aliweza kuitwa Owiti, au Awiti akiwa wa kike, yaani aliyetupwa, ili kifo kimpite kama kitu kisicho na mwenyewe. Katika zama ambazo vifo vya wachanga vilikuwa jambo la kawaida, jina hilo lilibeba mapenzi kuliko Pendo.

Kwa hiyo anayemcheka mzee Mashaka wa miaka 70 anacheka historia ya nyumba ya watu. Anayestahili kuulizwa ni mzazi wa leo anayemwita binti yake Majuto kwa sababu baba wa mtoto alikana mimba. Ugomvi huo utapoa, pengine wazazi watarudiana, lakini binti ataendelea kuulizwa ni nani aliyejuta na kwa lipi.

Dini kubwa mbili za eneo hili nazo zimeliona tatizo hili. Mtume Muhammad alimbadilishia jina mwanamke aliyeitwa kwa neno la Kiarabu lenye maana ya muasi, akamwita Jamila. Katika hadithi nyingine, mtu aliyeitwa Hazn, jina la ugumu, alishauriwa ajiite Sahl, jina la wepesi. Alikataa kuliacha jina alilopewa na baba yake, na mjukuu wake, Said bin al-Musayyib, aliyekuja kuwa mwanachuoni mkubwa wa Madina, alisema ugumu ule uliendelea kukaa katika ukoo wao. Kanisa Katoliki nalo, katika kanuni ya 855 ya Sheria ya Kanisa ya 1983, linawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Kanuni hiyo haimlazimishi mtoto kuitwa jina la mtakatifu. Pande zote mbili zimeacha uwanja mpana, lakini zimeweka mpaka.

Fungu la pili linawaudhi zaidi wapenzi wa lugha. Happiness, Gladness, Witness, Goodluck, Godbless, Godlisten na Praygod ni majina ya kawaida Tanzania, hasa katika mikoa ya kaskazini. Wakosoaji huyaita kasumba, wakisema Mungu anasikia Kiswahili na kwamba Furaha na Bahati yangetosha. Hoja hiyo inasahau yaliyotangulia. Kabla ya Godbless palikuwa na Elibariki, Elisante, Elifuraha na Elineema, majina yaliyounganisha Eli ya Kiebrania na neno la Kiswahili, yakashamiri katika familia za Kikristo za kaskazini. Elibariki na Godbless wanabeba dua moja. Anayemwona wa kwanza kuwa mtu wa heshima na wa pili kuwa kichekesho anachukia mavazi ya jina tu. Isitoshe, Yohana, Petro, Fatuma na Hamisi nayo yalikuja na wageni, yakakaa hadi yakawa ya wenyeji. Godbless Lema alikaa bungeni kama mbunge wa Arusha Mjini kuanzia 2010, na Nigeria iliongozwa na Goodluck Jonathan hadi 2015. Jina halikumzuia hata mmoja wao kupata kura.

Fungu la tatu, la majina ya kuazima kwa mashuhuri, lina hatari ya aina nyingine: mwenye jina la asili bado anaishi, na hakuna ajuaye ataishia wapi. Wakati wa vita vya Ghuba vya 1990 na 1991, Saddam, jina la rais wa Iraq wa wakati huo, lilikuwa la ushujaa kwa baadhi ya wazazi, na waliopewa jina hilo walikua wakati dunia imekwisha kulibadilishia maana. Kenya imetoa mifano inayochekesha zaidi. Barack Obama alipochaguliwa rais wa Marekani mwaka 2008, watoto wengi wa Nyanza waliitwa Obama na Michelle. Baada ya uchaguzi wa 2012, mapacha waliozaliwa Siaya waliitwa Barack Obama na Mitt Romney, mshindi na mshindwa katika nyumba moja. Obama alipozuru Nairobi Julai 2015, mtoto mmoja aliitwa AirForceOne Barack Obama, kwa heshima ya mgeni na ya ndege iliyomleta.

Pacha aliyepewa jina la aliyeshindwa ataulizwa kila mara kwa nini si yeye aliyepata la mshindi, na hilo linatosha kuonyesha kasoro ya mtindo huu. Mzazi anasherehekea habari ya wiki, na mtoto anabaki nayo miaka 60. Wachezaji mpira, wanamuziki na nyota wa tamthilia za runinga hutumika kwa namna hiyo hiyo, nao husahaulika haraka kuliko marais.

Jambo moja huyapa majina ya kwanza ya eneo hili uzito ambao wazazi wengi hawaukumbuki wanapochagua. Tanzania, kwa kawaida mtu hutambulika kwa majina matatu: lake, la baba na la babu. Jina la kwanza la mvulana, kwa hiyo, halifi naye. Mtoto akiitwa Messi leo, bintiye atakuwa Rehema Messi, na mjukuu kwa mwanawe Juma atakuwa Ali Juma Messi, hata kama wakati huo hakuna anayemkumbuka mchezaji mwenyewe. Matatizo akizaa, atazaa Neema Matatizo. Familia ya Rais Obama ni ushahidi wa safari hiyo. Obama lilikuwa jina la mtu wa Nyanza, baba wa Hussein Onyango. Likashuka kwa Onyango, likashuka kwa mwanawe aliyekwenda kusoma Marekani, likafika Ikulu ya Washington kama jina la ukoo. Anayechagua jina la mwanawe anawachagulia na wajukuu ambao pengine hatawaona.

Fungu la nne ndilo linalopigiwa kelele kidogo kuliko yote, ingawa ndilo lenye madhara makubwa. Hapa jina lenyewe halina kasoro, tatizo ni maandishi yake. Ali huandikwa Ally, Omari huwa Omary, Yusufu huwa Yusuph, na Athumani hugawanyika kuwa Athuman, Othman na Uthman. Jessica huwa Jesca, Brian huwa Brayan, Jacqueline huwa Jackline. Baadhi ya tahajia hizo zimezoeleka hadi zimekuwa sahihi kwa matumizi, na hakuna ubaya kwa Jesca ambaye ni Jesca kila mahali. Ubaya huanza pale mtu mmoja anapokuwa na maandishi matatu.

Njia ya kufika huko ni fupi. Kadi ya kliniki inajazwa na muuguzi kwa jinsi anavyosikia. Shule ya msingi inaandika kwa jinsi mzazi anavyotamka, na penye r na l kila lahaja ina uamuzi wake, hivyo Rehema anaweza kutoka akiwa Lehema. Akifika sekondari, kijana mwenyewe anaona Mohamed halina mvuto, anaongeza m ya pili, na cheti cha kidato cha nne kinatoka hivyo. Siku ya kuomba kitambulisho cha taifa, mkopo wa chuo au hati ya kusafiria, nyaraka zote hutandazwa juu ya kaunta moja, na herufi moja inageuza mtu mmoja kuwa wawili. Kinachofuata ni hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, nauli za kwenda na kurudi, na pengine hati rasmi ya kubadili jina, ambayo Kenya hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mirathi ndiyo huleta uchungu zaidi, kwa kuwa mwenye jina hayupo tena kueleza kwamba Salum wa benki na Salim wa hati ya kiwanja ni yeye yule.

Kando ya mafungu hayo manne kuna kero ya ndani ya familia: nani mwenye haki ya kutaja jina. Kwa Wakikuyu jibu limepangwa. Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu wa upande wa baba, wa pili la babu wa upande wa mama, na wasichana hufuata mabibi kwa mpangilio huo huo. Utaratibu huu hupunguza ugomvi, ingawa huzalisha binamu wengi wa jina moja, wanaotofautishwa kwa majina ya utani. Pasipo na mpangilio, shangazi hufika na jina la marehemu, mama mzazi ana lake aliloliweka moyoni tangu mimba, na mtoto huishia kuwa na mawili: la cheti na la nyumbani. Hilo halina dhara, mradi la cheti liwe moja.

Nchi kadhaa zimejaribu kutatua kero hizi kwa sheria. Ufaransa, kwa sheria ya 1803, iliwafunga wazazi katika majina ya kalenda na ya watu wa historia ya kale, na uhuru wa kuchagua ulikuja mwaka 1993. Hata sasa mahakama za huko zinaweza kuingilia kwa maslahi ya mtoto. Mahakama ya Valenciennes ilikataa mtoto kuitwa Nutella, jina la chokoleti ya kupaka, akaandikwa Ella. New Zealand, mwaka 2008, jaji alimweka msichana wa miaka tisa chini ya ulinzi wa mahakama ili jina lake, lililokuwa sentensi nzima, libadilishwe. Mfano wa karibu zaidi ni wa kuonya. Zaire ilipiga marufuku majina ya Kikristo ya kigeni mwaka 1972, na rais wake mwenyewe, Joseph-Désiré Mobutu, akawa Mobutu Sese Seko. Watu walibadilishiwa vitambulisho kwa amri, si kwa sababu majina yao yaliwaumiza, bali kwa sababu yalimkera mtawala.

Tofauti kati ya New Zealand na Zaire ndiyo inayofaa kuongoza desturi ya hapa. Orodha ya majina yanayoruhusiwa isingefaa mahali penye makabila zaidi ya mia na dini nyingi, kwani anayeiandaa angeweka ndani majina ya kwao na kuacha nje ya wengine. Kinachohitajika ni kidogo. Tanzania, kizazi kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90, muda unaotosha familia kujiuliza maswali matatu. La kwanza ni kama jina linaeleza mtoto au ugomvi wa wazazi. La pili ni kama mjukuu atalibeba bila kuhitaji maelezo. La tatu ni kama limeandikwa kwa herufi zile zile kwenye kadi ya kliniki, kwenye fomu ya kizazi na kwenye karatasi ya ubatizo au daftari la madrasa. Msajili naye asaidie kwa kumsomea mzazi jina herufi kwa herufi kabla ya kugonga muhuri. Jina likivuka hapo, awe Godlisten au Chausiku, wanaokereka hawana cha kudai.