Idhini Kabla ya Picha

Kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani ni mwendo mfupi wa mashua, nami njia nzima nilipiga picha: tanga, mikoko, ndege. Ndani ya magofu ya Msikiti Mkuu, jua la alasiri lilipenya kwenye matao ya mawe ya matumbawe likalala sakafuni. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331. Hakuwa na kamera, alitazama na kusimulia.

Nje, bibi mmoja alikuwa akianika dagaa. Nikampiga picha bila idhini. Akavuta ushungi usoni, akanyamaza. Niliifuta mbele yake, nikamtaka radhi.

"Keti kwanza, mjukuu wangu, tuzungumze. Picha baadaye."

Hiyo ya baadaye niliichapisha, nikampelekea kwa mkono wa nahodha yuleyule.