Mchango wa kwenye simu nao uwe na daftari



Siku hizi karibu kila kundi la WhatsApp la kijiji lina ujumbe wa kuomba mchango. Mtoto anahitaji upasuaji, duka limeungua, maji yamesomba mpunga. Wengine wanatuma kiungo cha mtandao wa kuchangisha, kama GoFundMe ya Marekani au M-Changa ya jirani zetu Kenya. Mimi naunga mkono michango hii. Ila msimamo wangu ni huu: mchango usio na mweka hazina, daftari na taarifa ya mwisho tusiukubali, hata kama ujumbe wake unaliza.

Nguvu ya mchango wa simu tumeiona. Mwaka 2011, ukame ulipowapiga watu wa Turkana na maeneo mengine ya Kenya, wananchi walichangishana kwa M-Pesa na benki katika kampeni ya Kenyans for Kenya. Lengo la kwanza lilikuwa shilingi milioni 500 za Kenya, na lilipitwa. Wengi walitoa kidogo kidogo. Fedha zilipita kwa Msalaba Mwekundu wa Kenya, chombo kinachojulikana na kinachoweza kuulizwa. Hapo ndipo penye somo.

Mitandao mikubwa ina masharti yake. Kwa GoFundMe, mwenye kufungua mchango lazima awe na makazi na akaunti ya benki katika nchi zilizo kwenye orodha yao, na Tanzania haimo. Kwa hiyo mara nyingi ni ndugu aliye Ulaya au Marekani anayefungua, anapokea, kisha anatuma nyumbani. Pia kuna makato. Marekani wanakata asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila mchango. Anayetoa dola 100 anakatwa dola 3.20, lakini anayetoa dola 5 anakatwa kama senti 45, yaani karibu asilimia 9. Mchango mdogo ndio unaoliwa zaidi. Ongeza gharama ya kutuma huku na ya kutolea kwa wakala. Kama hospitali inadai milioni 2, usitangaze milioni 2. Piga hesabu ya makato kwanza.

Jambo linaloniumiza zaidi ni hili: mtandao haupimi shida, unapima kujulikana. Mwenye simu nzuri, picha nzuri na ndugu mjini atachangiwa wiki hiyo hiyo. Bibi anayelea wajukuu, asiye na simu janja, anaweza kuwa na shida kubwa zaidi na asipate hata mia. Tukiacha kila msaada uhamie kwenye simu, tutakuwa tumewasahau majirani zetu wenyewe.

Kwa hiyo nashauri tufanye hivi.

1. Kabla ya kusambaza ujumbe, mpigie mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji kinachotajwa. Dakika mbili zinatosha.

2. Soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Kama si la mgonjwa, ndugu yake au mweka hazina aliyetangazwa, usitume. Tunawajua wale wa "ile hela itume kwenye namba hii". Ujumbe wao upelekwe namba 15040.

3. Fedha ya matibabu ilipwe hospitali moja kwa moja kwa namba ya malipo inayotolewa na hospitali yenyewe, siyo mkononi mwa mtu.

4. Wawepo watu watatu: anayepokea, anayeandika na anayekagua. Kila jioni jumla itangazwe kwenye kundi.

5. Kabla ya kuanza, semeni kiasi kikizidi kitakwenda wapi. Ugomvi mwingi huzaliwa na salio, hasa mgonjwa akifariki.

6. Usiweke picha ya mgonjwa akiwa uchi au amelazwa hoi. Akipona ataishi na picha hiyo.

Mwisho, mchango ni zimamoto, na zimamoto huja moto ukiwa umeshawaka. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vina mfuko wa jamii. Wanachama 30 wakiweka shilingi 1,000 kila wiki, kwa mwaka wa wiki 52 ni shilingi 1,560,000. Hakuna makato ya nje ya nchi, hakuna kusubiri huruma ya mtu asiyekujua, na yule bibi naye anaweza kusaidiwa kama kikundi kitaamua hivyo kwenye katiba yake.

Mazao yakiuzwa msimu huu, kabla hela haijaisha, kaeni kikao mkubaliane kiwango cha mfuko. Anayeombewa mchango leo ni jirani, kesho ni wewe.

Kazi njema.