Nukta Zilizoachwa Nje

Katika hesabu hapana kazi tuifanyayo kwa haraka kama grafu ya nukta. Mwanafunzi hupewa orodha mbili za tarakimu, hutia nukta zake, huona zapanda, basi huandika: "Hiki kikizidi, na kile huzidi." Hupewa alama akaenda zake. Mimi naona alama hizo hutolewa kwa urahisi mno. Kabla ya kuulizwa nukta zaelekea wapi, ingefaa tuulizwe ni nukta zipi ambazo hazikutiwa.

Wenzangu watakaosema huu ni ubishi wa bure, nawaomba wafikiri habari ya chombo cha angani cha Marekani kilichoitwa Challenger. Tarehe 28 Januari 1986 kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa watu wote 7 waliokuwamo, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa sekondari, Bibi Christa McAuliffe. Pete za mpira zilizoziba kiungo cha roketi zilikuwa zimekazwa na baridi, moto ukapenya.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mafundi walionya juu ya baridi. Katika kushauriana zikatazamwa safari 7 za nyuma ambazo pete ziliathirika. Moja ilirushwa katika nyuzi 12 za sentigredi, nyingine katika nyuzi 24. Nukta saba, huku na huku. Ikaonekana baridi haina neno.

Lakini safari zilikuwa 24! Zile 17 ambazo pete zilitoka salama hazikuhesabiwa, kana kwamba salama si habari. Tume iliyochunguza ajali ilizitazama zote, na sura ikageuka. Katika safari 20 za nyuzi 19 au zaidi, pete ziliathirika mara 3 tu. Katika safari 4 za nyuzi 17 au chini, haikusalimika hata moja. Tena asubuhi ile pete zilikadiriwa kuwa karibu na nyuzi 0, mahali ambapo grafu haina nukta kabisa.

Nasi twafanya vivyo hivyo pasipo roketi. Husemwa mabwenini kwamba wakeshao na vitabu ndio wafaulu, na ushahidi ni majina ya waliofaulu. Je, waliokesha wakaanguka? Na waliolala mapema wakafaulu? Hata nukta zote zikiwamo, nazo zikapanda, bado si hoja kwamba kukesha ndiko kuliko wafaulisha. Huenda apendaye somo ndiye akeshaye, na kulipenda ndiko kumsaidiako.

Ombi langu kwa walimu wetu ni kwamba swali la grafu lisikomee kwenye mstari. Mwanafunzi aandike nukta zimetoka wapi, ngapi zimeachwa na kwa nini, na mstari wake wafaa kuaminiwa mpaka wapi. Sentensi hizo zipewe alama. Najua kipindi ni kifupi. Afadhali basi grafu moja kwa juma kuliko tano.

Mwanafunzi wa Kidato cha III