Machozi si Dhambi

Mimi sikubaliani kamwe na wanaomwambia mfiwa, "Nyamaza, Mkristo halii." Sisi wavulana ndio hukatazwa zaidi. Mjomba, ndugu wa pekee wa mama, alipofariki, wazee wa kanisa walimkanya mama, ati kilio chake kinaaibisha imani. Akanyamaza. Lakini usiku tulimsikia.

Je, hawajasoma Yohana 11? Yesu alijua fika kwamba angemfufua Lazaro, na bado alilia mbele ya watu! Zaburi ya 88 nayo ni maombolezo matupu, wala haimaliziki kwa shangwe. Hiyo pia ni sala. Wazee wetu, mkija tena matangani, ketini kwanza na wafiwa, halafu ndiyo mhubiri.